Nani Anawahesabu Wafu? Utanzu, Mhusika na Hadhira katika Komedia ya Uhalifu: Uchambuzi wa Filamu Fargo (1996)

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano wa utanzu, mhusika na hadhira katika filamu Fargo (1996), iliyoongozwa na Joel Coen na kuandikwa naye kwa kushirikiana na nduguye, Ethan Coen. Uchambuzi umeongozwa na dhana tatu: upeo wa matarajio ya hadhira wa Hans Robert Jauss, ufuatanaji na uungaji mkono wa mhusika kama ulivyofafanuliwa na Murray Smith, na rai ya Henri Bergson kuhusu sharti la kicheko. Makala yanabainisha kwamba komedia ya uhalifu si mchanganyiko wa uhalifu na ucheshi kwa vipimo fulani, bali ni namna ya kugawa maarifa baina ya wahusika na mtazamaji. Maarifa yaleyale yanayomwezesha mtazamaji kucheka ndiyo yanayomwachia dhima mwishoni. Katika Fargo wanakufa watu saba. Mhusika anayesimama upande wa sheria anawataja watano. Wawili waliobaki wanabaki mikononi mwa hadhira.

1.0 Utangulizi

Filamu inayochekesha kuhusu mauaji hukabiliwa na swali la kimaadili ambalo tamthilia ya huzuni haikabiliwi nalo kwa kiwango hichohicho. Tanzia humtaka mtazamaji aomboleze pamoja na waathirika. Komedia humtaka acheke, na mara nyingi kinachochekwa ni kuanguka, kuchanganyikiwa au kushindwa kwa mtu. Pale mtu huyo anapokuwa mateka, au anapokuwa na dakika chache tu za kuishi, kicheko hakiwezi kuhesabiwa kuwa jambo dogo. Je, komedia ya uhalifu humzoesha mtazamaji kuyaona maisha ya wengine kuwa rahisi, au ina mbinu zake za kumrejesha kwenye thamani ya maisha hayo?

Swali hili halijibiki kwa kuzungumzia utanzu peke yake. Mara nyingi uchambuzi wa filamu huorodhesha sifa za utanzu, kisha husawiri wahusika, kisha hugusia hadhira katika sehemu ya mwisho, kana kwamba vipengele hivi ni vyumba vitatu visivyo na milango baina yake. Makala haya yanashika mkondo tofauti. Utanzu unachukuliwa kuwa ahadi kwa hadhira, mhusika kuwa njia ambayo kwayo ahadi hiyo hutimizwa au huvunjwa, na hadhira kuwa mshiriki ambaye bila yeye kazi ya filamu haikamiliki.

Fargo imeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni filamu ambayo uhalifu wake haumfichi mtazamaji chochote kuhusu mhusika wa uovu. Kwa hiyo kinachobaki kuchunguzwa ni mwitiko wa mtazamaji mwenyewe. Pili, ni filamu iliyopokewa kwa uzito mkubwa. Ilimpatia Joel Coen tuzo ya uongozaji bora katika tamasha la Cannes mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikapata tuzo mbili za Oscar: ya mwigizaji bora wa kike, Frances McDormand, na ya mswada asilia.

2.0 Filamu kwa Ufupi

Jerry Lundegaard (William H. Macy) ni meneja wa mauzo katika duka la magari la baba mkwe wake, Wade Gustafson (Harve Presnell), mjini Minneapolis, Marekani. Amejipatia mkopo mkubwa kwa dhamana ya magari yasiyokuwepo, naye anatafuta fedha kwa siri. Anawakodi watu wawili, Carl Showalter (Steve Buscemi) na Gaear Grimsrud (Peter Stormare), wamteke nyara mkewe, Jean (Kristin Rudrüd), ili Wade alipe fidia. Watekaji wanaambiwa kuwa fidia ni dola 80,000 na kwamba watapata nusu yake pamoja na gari. Wade anaambiwa kuwa fidia ni dola 1,000,000.

Wakiwa njiani na mateka wao karibu na mji wa Brainerd, watekaji wanasimamishwa na askari wa barabarani kwa sababu gari lao halina vibandiko vya usajili. Carl anajaribu kumhonga kwa noti aliyoiachia ichomoze katika pochi, askari anakataa. Gaear anamuua askari huyo, kisha anawafukuza na kuwaua wapita njia wawili waliokuwa garini na kuona tukio. Mkuu wa polisi wa Brainerd, Marge Gunderson (McDormand), mjamzito wa miezi saba, anaamshwa usingizini na kuanza upelelezi. Kabla ya upelelezi huo kufika mwisho, Wade anauawa na Carl juu ya jengo la maegesho ya magari, mhudumu wa lango la jengo hilo anauawa, Jean anauawa na Gaear, na Carl anauawa na Gaear huyohuyo. Marge anamkuta Gaear akiusukumiza mwili wa mwenzake ndani ya mashine ya kusagia matawi ya miti, anampiga risasi ya mguu na kumkamata. Jerry anakamatwa katika hoteli ndogo huko North Dakota.

3.0 Utanzu: Mgawanyo wa Maarifa

Rick Altman, katika makala yake ya mwaka 1984 kuhusu tanzu za filamu, alipendekeza kwamba utanzu utazamwe kwa pande mbili: vijenzi vyake na mpangilio wa vijenzi hivyo. Kwa upande wa vijenzi, Fargo ni filamu ya uhalifu bila shaka yoyote. Ina bastola, mateka, mkoba wa fedha, askari na maiti. Ni mpangilio ndio unaoitoa katika njia iliyozoeleka.

Katika hadithi ya upelelezi ya kawaida, maarifa humilikiwa na mpelelezi. Msomaji wa Kiswahili anaufahamu utaratibu huo kupitia riwaya za Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Bwana Msa huona yale ambayo Najum na msomaji hawayaoni, na raha ya kusoma hutokana na kungojea afumbue fumbo. Fargo inaupindua utaratibu huo. Marge anapoonekana kwa mara ya kwanza, takribani theluthi moja ya filamu imekwisha, na mtazamaji anajua kila kitu ambacho yeye bado hajakijua: nani alipanga, nani alitekeleza, nani alifyatua risasi na kwa sababu gani. Hakuna fumbo la kufumbua. Swali la utanzu linahama kutoka "nani aliua?" na kuwa "mtu mwema atafanya nini akikutana na jambo hili?"

Mpangilio huu ndio unaozaa taharuki na kicheko kwa wakati mmoja. Alfred Hitchcock alieleza tofauti ya mshtuko na taharuki kwa mfano wa bomu lililo chini ya meza: likilipuka bila mtazamaji kujua, anashtuka kwa nukta moja, akijua kuwa lipo huku waliokaa mezani hawajui, anabaki katika taharuki muda wote. Kinachostahili kuongezwa ni kwamba muundo huohuo ndio msingi wa kinaya cha kuchekesha. Mhusika anayesema jambo asilojua maana yake, mbele ya hadhira inayoijua, huchekesha. Kwa hiyo hofu na kicheko katika komedia ya uhalifu si vitu viwili vilivyounganishwa kwa nguvu. Ni matunda mawili ya mti mmoja: mtazamaji kujua zaidi ya mhusika.

Mfano bayana ni fidia yenyewe. Watekaji wanajua kiasi kimoja, Wade anajua kingine, na wanaojua viwili vyote ni Jerry na mtazamaji. Kila mazungumzo kuhusu fedha yanakuwa ya kuchekesha kwa sababu hiyo, na yanatisha kwa sababu hiyohiyo. Wade anaposhikilia kwamba atazipeleka fedha yeye mwenyewe, kwa kuwa ni zake, mtazamaji anacheka akiona mpango wa Jerry unavyoporomoka. Papo hapo anajua kwamba mzee huyo anakwenda kukutana na mtu mwenye silaha asiyemtarajia. Carl anapoufungua mkoba na kukuta fedha nyingi kuliko alizotarajia, anatenga dola 80,000 na kuzifukia zilizobaki katika theluji kando ya uzio mrefu usio na alama. Anachomeka kifaa chekundu cha kukwangulia barafu ili apakumbuke mahali hapo, ingawa uzio unaonekana sawasawa pande zote mbili. Baada ya Carl kufa, hakuna mhusika yeyote anayejua fedha hizo zilipo. Anayejua ni mtazamaji pekee.

4.0 Mhusika: Kufuatwa na Kuungwa Mkono

Murray Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu wahusika wa filamu, anatenganisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. La kwanza ni ufuatanaji: filamu inamfuata mhusika gani, na inampa mtazamaji fursa kiasi gani ya kujua anachokijua mhusika huyo. La pili ni uungaji mkono: mtazamaji anasimama upande wa nani kimaadili. Mtu anaweza kufuatana na mhusika kwa muda mrefu bila kumuunga mkono. Tofauti hii ni ufunguo wa usawiri wa wahusika katika Fargo.

4.1 Jerry: Adabu Isiyo na Mtu Ndani Yake

Jerry ndiye anayefuatwa tangu mwanzo. Anawasili katika baa mjini Fargo kukutana na watekaji, na tayari kuna kosa: wao walikuwa wakimngoja tangu saa moja na nusu usiku, yeye anasema aliambiwa saa mbili na nusu. Kosa hili dogo la saa linatangaza sifa ya uhalifu wote utakaofuata. Mtazamaji anacheka, na kicheko hicho kina chembe ya huruma, kwa kuwa Jerry anasawiriwa kama mtu anayedharauliwa na baba mkwe wake, anayebanwa na madeni, na ambaye hata mteja dukani anamwita mwongo usoni.

Huruma hiyo inachunguzwa polepole hadi inakauka. Tukio la maana zaidi ni lile la Jerry kurudi nyumbani baada ya mkewe kutekwa. Inasikika sauti yake yenye uchungu ikimweleza Wade kwa simu yaliyotokea. Kisha sauti inaanza upya, kwa maneno karibu yaleyale na uchungu uleule. Mtazamaji anang'amua kwamba Jerry anafanya mazoezi. Tukio linachekesha sana, lakini linabainisha kwamba uchungu kwa Jerry ni bidhaa kama rangi ya kinga anayowauzia wateja wa magari. Baadaye, Stan Grossman, mhasibu wa Wade, anapomuuliza kuhusu hali ya mwanawe, Scotty, inadhihirika kwamba Jerry hakuwa amefikiria kabisa mtoto huyo anajisikiaje. Hapo uungaji mkono unakatika, ijapokuwa ufuatanaji unaendelea.

4.2 Carl na Gaear: Maneno na Kimya

Wawili hawa wamejengwa kwa mbinu kongwe ya ucheshi ya jozi zinazopingana. Carl ni mdogo wa umbo na mwingi wa maneno. Gaear ni mkubwa na bubu kwa hiari yake. Safarini Carl analalamika kwamba mwenzake hazungumzi, kisha anaapa kunyamaza naye, na kiapo chenyewe anakitangaza kwa maneno mengi. Mashahidi wanapohojiwa na Marge, wanachokumbuka kumhusu Carl ni kwamba alikuwa na sura ya kuchekesha, wala hawawezi kufafanua zaidi.

Ucheshi wa Carl unampumbaza mtazamaji. Katika maegesho ya uwanja wa ndege, alikokwenda kuiba namba za gari, anagombana na mhudumu wa lango kuhusu ada ya dola nne. Ugomvi wa mtu aliyebeba siri ya mauaji kuhusu dola nne ni kichekesho kilichokamilika. Hata hivyo, filamu inaurudia muktadha huohuo baadaye: jengo jingine la maegesho, lango jingine, mhudumu mwingine. Safari hii Carl amejeruhiwa taya na amemuua Wade. Kuuawa kwa mhudumu hakuonyeshwi. Kinachoonekana, Jerry anapopita, ni lango lililovunjwa na mwili ulioanguka ndani ya kibanda. Muktadha uliokuwa wa kicheko umekuwa wa mauti, na mtazamaji hakupewa nafasi ya kujiandaa.

4.3 Jean: Anayechekwa Kisha Asahaulike

Jean ni mhusika ambaye uchambuzi humpita haraka, pengine kwa sababu filamu yenyewe inaonekana kumpita haraka. Kutekwa kwake kunaanza kama tukio la kutisha na kuingia katika futuhi. Gaear aliyeng'atwa mkono anaacha kila kitu na kutafuta dawa ya kupaka, na Jean, akiwa amejifunika pazia la bafu, anakurupuka bila kuona mbele na kuporomoka ngazini. Walipofika kwenye nyumba ya ziwani, anajaribu kukimbia katika theluji akiwa amefungwa mikono na kufunikwa kichwa. Anazunguka, anajikwaa, anaanguka. Carl anacheka kwa sauti.

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Mtazamaji aliyekuwa akitabasamu anajikuta anacheka pamoja na mtekaji. Bergson, katika kitabu chake kuhusu kicheko cha mwaka 1900, alidai kwamba ili mtu acheke sharti moyo wake utiwe ganzi kwa muda. Carl anaonekana kuwa kielelezo cha ganzi hiyo. Tofauti baina yake na mtazamaji ni kwamba yeye ndiye aliyemfunga Jean, mtazamaji hakumfunga. Lakini macho yao yanatazama mwili uleule kutoka umbali unaokaribiana. Baada ya hapo Jean anaonekana kwa nadra. Carl anaporudi kwenye nyumba ile, anamkuta amelala sakafuni na kiti alichofungiwa. Anauliza kilichompata. Gaear, akiwa mbele ya televisheni yenye picha mbovu, anajibu kwa ufupi kwamba mwanamke huyo alianza kupiga kelele.

4.4 Marge: Mpelelezi Asiyeelewa

Marge anaingia akiwa na vichekesho vyake: tumbo kubwa, hamu ya kula isiyokoma, gari la polisi lisilowaka asubuhi ya baridi. Mtazamaji wa kawaida wa filamu za uhalifu anaweza kumdharau, na filamu inamruhusu amdharau kwa dakika chache. Kisha Marge anainama juu ya nyayo katika theluji na kusimulia mfuatano wa mauaji kwa usahihi, bila majivuno. Msaidizi wake, Lou, anaripoti kwamba askari aliyeuawa aliandika namba za gari zinazoanza na DLR, naye ametafuta namba za namna hiyo. Marge anamweleza kwa upole kwamba hizo si namba. Ni ufupisho unaoonyesha kwamba gari ni la muuza magari. Anamsahihisha kwa adabu, kisha anamsimulia kichekesho ili asione aibu.

Adabu ya Marge na adabu ya Jerry zinatumia msamiati mmoja. Wote wanasema maneno laini, wote wanatabasamu, wote wanaepuka kugombana. Usawiri huu ni wa makusudi. Adabu kama pazia na adabu kama utu hazitofautishwi na maneno, bali na anachokifanya mtu pale mwenziwe anapoumia. Somo hili Marge mwenyewe analipata kwa Mike Yanagita, mwanafunzi mwenzake wa zamani anayemwelezea kwa machozi kifo cha mke wake. Baadaye Marge anaarifiwa kwa simu kwamba mwanamke huyo yu hai na kwamba hakuwahi kuwa mke wa Mike. Filamu haisemi wazi kwamba uongo huo ulimfundisha jambo. Inachofanya ni kumpeleka, mara tu baada ya simu hiyo, kumhoji Jerry kwa mara ya pili. Mpangilio wa matukio unabeba hoja ambayo maneno hayakuibeba.

5.0 Hadhira: Kutoka Kicheko hadi Dhima

5.1 Ahadi ya Ukweli

Filamu inafunguliwa kwa maandishi yanayodai kwamba matukio yake ni ya kweli na yalitokea Minnesota mwaka 1987, kwamba majina yamebadilishwa kwa ombi la walionusurika, na kwamba mengineyo yamesimuliwa kama yalivyotukia kwa heshima ya waliokufa. Mwishoni, katika orodha ya washiriki, linapita kanusho la kawaida kwamba watu na matukio ni ya kubuni. Kwa mujibu wa dhana ya Jauss, kazi ya sanaa hupokewa ndani ya upeo wa matarajio uliojengwa na kazi zilizotangulia. Maandishi haya yanaupanga upeo huo kwa hila: yanamwambia mtazamaji kwamba wafu anaoelekea kuwaona wanastahili heshima, kisha filamu inamchekesha. Mgongano baina ya heshima aliyoombwa na kicheko alichokitoa unaanza tangu hapo. Hata mtazamaji anayejua kwamba madai hayo ni ya uongo anabaki na ombi lenyewe: kuwaheshimu wafu.

5.2 Suala la Lafudhi

Fargo imewahi kulaumiwa kwamba inawadhihaki watu wa Minnesota, hasa kwa kuikuza lafudhi yenye athari za wahamiaji wa Skandinavia. Lawama hiyo ina uzito, ingawa ndugu Coen wenyewe walikulia katika jimbo hilo. Ni kweli kwamba sehemu ya ucheshi inategemea masikio yanayoitambua lafudhi. Kwa mtazamaji wa mbali, akiwemo mzungumzaji wa Kiswahili ambaye hawezi kutofautisha Kiingereza cha Minnesota na cha jimbo jingine, sehemu hiyo hupotea. Kupotea huko kunasaidia uchambuzi kwa sababu kunaonyesha kinachobaki. Kinachobaki ni umbali baina ya ulaini wa maneno na ukatili wa matendo. Hadhira iliyolelewa katika utamaduni unaothamini salamu ndefu na kauli za staha haihitaji kufafanuliwa namna maneno mazuri yanavyoweza kuficha jambo baya. Aidha, lawama ya dhihaka inapungua nguvu pale inapozingatiwa kwamba lafudhi inayochekwa kwa sauti zaidi ndiyo ya mhusika aliye mwadilifu kuliko wote.

5.3 Hesabu Isiyokamilika

Tukio linalokusanya hoja zote za makala haya ni lile la Marge akiendesha gari, huku Gaear akiwa amefungwa katika kiti cha nyuma. Marge anaanza kuhesabu. Anamtaja Bibi Lundegaard aliyekuwa sakafuni. Anamtaja mwenzake Gaear aliyekuwa ndani ya mashine. Anawataja watu watatu wa Brainerd. Kisha anauliza haya yote yalikuwa kwa ajili ya nini, anajijibu kwamba ni fedha kidogo tu, na anasema kwamba haelewi. Gaear hajibu neno.

Mambo mawili yanastahili kuangaliwa. La kwanza ni la kiutanzu. Mpelelezi wa jadi humaliza kwa maelezo. Fumbo likifumbuliwa, ulimwengu hurudi katika mpangilio. Marge anamaliza kwa kukiri kwamba haelewi. Si kwamba amekosa ushahidi: mhalifu anaye, maiti ameziona. Asichokielewa ni jinsi mtu anavyoweza kuulinganisha uhai na fedha. Kutoelewa huko ndiko kunakomtenganisha na wahalifu, ambao kwao jambo hilo lilieleweka upesi mno.

La pili linahusu idadi. Aliowataja Marge ni watano. Waliokufa ni saba. Wade, kwa kadiri Marge anavyojua, ametoweka tu. Mhudumu wa lango hatajwi. Jerry anawajua wote wawili, kwa kuwa aliupita mmoja na kuupakia mwingine katika buti la gari lake, lakini anaishia kupiga mayowe mikononi mwa polisi bila kutoa ushahidi wowote. Katika dakika hiyo ya gari, anayeweza kuikamilisha orodha ni mtazamaji peke yake. Maarifa yaliyompa nafasi ya kucheka kwa saa moja na nusu yanageuka kuwa deni. Alijua fidia ilikuwa kiasi gani, alijua fedha zilifukiwa wapi, na sasa anajua pia kwamba hesabu ya wafu ina pungufu la watu wawili, mmoja wao hata jina hakupewa.

Msemo wa Kiswahili husema kwamba tamaa mbele, mauti nyuma. Fargo inaelekea kuuthibitisha, lakini hesabu ya saba inautia shaka yenye manufaa. Kati ya waliokufa, askari alikataa hongo. Wapita njia wawili walikuwa wakipita. Jean alikuwa nyumbani kwake. Mhudumu alikuwa kazini. Watano hawa hawakuwa na tamaa ya fedha zile. Aliyetangulia kutamani, Jerry, yu hai. Tamaa ilikuwa mbele kwa mmoja, mauti ikawa nyuma kwa wengine. Kama filamu ingekuwa tanzia, ukweli huu ungetangazwa kwa kilio. Katika komedia ya uhalifu unaachwa ufikiwe na mtazamaji mwenyewe, baada ya kicheko kutulia.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba utanzu, mhusika na hadhira katika Fargo haviwezi kutenganishwa bila kupoteza kiini cha filamu. Utanzu unagawa maarifa kwa namna inayompa mtazamaji ukuu juu ya wahusika. Wahusika wanautumia ukuu huo kumvuta katika kicheko, kwanza na Jerry, kisha na Carl, hadi anapojikuta anamcheka mwanamke aliyefungwa katika theluji. Marge anaingia akiwa kichekesho kama wenziwe, na ndiye anayesimamisha mchezo kwa tendo la kawaida kabisa la kuhesabu waliokufa.

Kwa hiyo jibu la swali lililoulizwa katika utangulizi halimo katika kicheko chenyewe. Komedia ya uhalifu inaweza kumzoesha mtazamaji kuyapuuza maisha ya wengine endapo itamwacha aondoke na ukuu wake. Inaweza pia kumrejesha kwenye utu endapo itaugeuza ukuu huo kuwa dhima. Kigezo hiki kinaweza kutumika katika kuchambua filamu nyingine za utanzu huu: badala ya kuuliza filamu inachekesha kiasi gani au inatisha kiasi gani, mchambuzi aulize nani ndani ya filamu anajua idadi ya waliokufa, na nani anaachiwa kuikamilisha. Katika Fargo, filamu inafungwa kwa Marge na mumewe, Norm, wakiwa kitandani. Wanazungumza kuhusu picha ya bata aliyoichora Norm, ambayo imechaguliwa kwa stempu ya senti tatu, na kuhusu miezi miwili iliyosalia kabla ya mtoto kuzaliwa. Wao wanahesabu miezi ya uhai unaokuja. Hesabu ya wale wawili wasiotajwa imebaki kwa aliyetazama.